Kaseti Iliyoahidiwa Musonoi

Katika cité ya Musonoi, mtaa wa wachimbaji karibu na Kolwezi, miaka ile nchi ilipoitwa Zaïre, kila mtu aliijua sauti ya Tshilombo, ingawa wachache walikuwa wamewahi kumtazama usoni kwa makini. Alikuwa mwembamba, mabega yameinama, miwani usoni, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Ukimkuta njiani mikono mitupu ungempita ukidhani ni katekista anayekwenda kuwaona wagonjwa. Lakini akiinua megafoni yake, ile iliyofungwa kwa waya pale mpini ulipokatika, akina mama waliacha kutwanga ili wasikie.

Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya machimbo, na Tshilombo alizaliwa hapohapo, nyuma ya milima ya udongo uliotolewa shimoni. Alipokuwa kijana aliingia karakana ya kampuni. Bei ya shaba ilipoanguka akaondolewa pamoja na wengi. Kilichomwokoa ni mdomo. Jumapili moja spika za uwanja wa mpira zilikufa katikati ya mechi, naye akachukua megafoni ya skauti na kuanza kutangaza. Watu waliokaa nyuma ya goli, ambao kwa kawaida hawakuona lolote isipokuwa migongo ya wenzao, walirudi nyumbani wakisema leo wameuona mpira. Tangu siku ile yeye ndiye aliyetangaza mechi, vilio, chanjo za watoto, sabuni mpya sokoni na mbuzi waliopotea. Mkewe Adolphine, mtu wa kaskazini mwa mkoa, alikaanga mikate na kuiuza karibu na lango la soko. Kati ya mikate na mdomo, nyumba yao ilisimama.

Adolphine alikuwa na lawama moja tu juu ya mumewe.

"Weye unasemaka bintu mbele ya kubiona," alimwambia.

"Kama mi nangoja kuona kwanza, mechi itaisha," Tshilombo alijibu, naye alicheka aliposema hivyo.

Basi palikuwa na fundi wa televisheni aliyeitwa Séraphin, mwenye ukumbi mdogo nyuma ya soko. Ndani aliweka televisheni mbili zisizo na rangi na mashine ya michezo ambayo mhandisi mmoja mzungu alimwachia aliporudi kwao. Kwa muda vijana walijaa humo kupiga vifaru na kuangusha ndege. Kisha wakachoka. Vifaru vilikuwa vilevile, ndege zilitokea upande uleule, na anayezijua alimaliza mchezo akipiga miayo. Ukumbi ukaanza kubaki mtupu, na Séraphin akasafiri mpaka Kitwe, ng'ambo ya mpaka, kutafuta kitu kipya.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa Tshilombo.

"Mi niliona na macho yangu," alisema. "Ni kaseti ya mupira. Mupira ya Afrika yote. Ku karton yake ya nje kuko mutu anaruka, jezi yake ya kijani, na chui ku kifua. Shofere mumoja ataniletea siku ya Jumapili ya mwisho ya mwezi."

"Zaïre iko ndani?"

"Itakosa namna gani? Mi nakuambia chui ku kifua."

Tshilombo hakuhitaji zaidi. Kesho yake asubuhi alipita Musonoi yote akitangaza kwamba mpira wa Afrika unakuja ndani ya televisheni, na kwamba kila mtu ataweza kuucheza kwa mkono wake. Siku iliyofuata alisema timu ya taifa imo, wachezaji wote kumi na mmoja. Baadaye alisema nyasi zitaonekana zikilala kwa upepo na mashabiki watasikika wakilia. Alisema hivyo kwa sababu midomo ya watu ilikuwa wazi mbele yake na alitaka kuwapa kitu cha kuondoka nacho. Nao walikichukua, wakakiongezea chao. Sokoni ikasemwa kwamba ndani ya kaseti kuna mtangazaji anayesema Kiswahili. Kwenye foleni ya maji ikasemwa kwamba uwanja wenyewe ni ule wa Kolwezi, na kwamba wote waliowahi kuvaa jezi ya Zaïre, wazima kwa wafu, wamewekwa humo na mashine. Alichokisema asubuhi kilimrudia jioni kimekuwa kikubwa mara mbili, naye alikiinua na kukitangaza tena kana kwamba ni habari mpya. Hata alipanda treni mpaka mji wa Mutshatsha, akasimama stesheni kati ya magunia ya makaa, akaita watu wa huko nao wasibaki nyuma.

Mama Fidélie alimjia nyumbani mchana, akamkuta amekaa uani akikaza waya wa megafoni. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili wa kiume. Mdogo, Mwamba, alikuwa hai na alitengeneza malori makubwa kwenye shimo la machimbo lililoitwa Mashamba. Mkubwa aliitwa Mulumba. Huyo Mulumba alikuwa winga wa kulia wa Musonoi, mpaka akaitwa Kinshasa akavaa jezi ya taifa katika mechi moja. Kabla mwaka haujaisha, lori lililobeba timu ya Musonoi lilipinduka njia ya Likasi, naye akafa.

Fidélie alikataa kiti. Alisimama akiwa ameshika ncha ya kitenge chake.

"Tata Tshilombo, batu banasema bale bote balivaaka jezi ya Zaïre bako mule ndani."

"Njo vile banasema, mama."

"Mi siulize batu. Nakuuliza weye." Akaivuta ile ncha ya kitenge. "Unajua, wakati wa vita ya sabini na nane nyumba yetu iliungua. Picha zote ziliisha. Na mi sikuenda hata siku moja kumuona ku uwanja, bazee ba kanisa habakupenda. Zamani nilikuwa nafunga macho, namuona. Sasa nikifunga macho, naona Mwamba. Sura ya mukubwa inaenda, ya mudogo inakuya pa nafasi yake."

Adolphine alikuwa amesimama mlangoni na beseni la unga, akimtazama mumewe. Tshilombo aliona anavyotazamwa. Angeweza kusema hajui. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini mama yule alikuwa amemkazia macho kama watu wa nyuma ya goli walivyokuwa wakimkazia, na mdomo wake ulikuwa haujazoea kumwacha mtu wa namna hiyo aondoke mikono mitupu.

"Alivaa jezi, mama," alisema. "Kama alivaa jezi, atakuwa mule."

Fidélie akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaenda zake.

"Na kama hayuko?" Adolphine aliuliza.

"Atakuwa."

Na jua lilipokaribia kushuka Tshilombo mwenyewe alikuwa ameshaamini.

Jumapili ile, baada ya misa na ibada, watu walimiminika nyuma ya soko. Walikuja vijana wa vifaru, lakini walikuja pia wauguzi, walimu, mashemasi na wazee ambao hawajawahi kugusa mashine ya michezo maishani mwao. Walikuja watu wa Mutshatsha, masizi ya treni bado yako kwenye kola zao. Ukumbi ulijaa, madirisha yakajaa, na wengine wakapanda juu ya kuta. Mstari wa mbele kabisa, kwenye kiti alichokibeba kutoka nyumbani, alikaa mama Fidélie. Nywele zake zilikuwa zimesukwa upya, na alivaa kitenge ambacho majirani walikuwa wamekiona mara moja tu, siku ya harusi ya mtu. Pembeni yake alikaa Mwamba. Yeye ndiye aliyechaguliwa kushika manette, kile kidude chenye vitufe, kwa sababu hakuna aliyemshinda katika ukumbi ule. Siku hiyo alikuwa na zamu Mashamba. Aliomba ruhusa akakataliwa, naye akaja hivyohivyo. "Sitakosa kumuona kaka yangu pamoja na mama," aliwaambia wenzake.

Séraphin alimvuta Tshilombo nyuma ya ukumbi, kati ya maganda ya televisheni zilizokufa. Kaseti ilikuwa imefika asubuhi, naye alikuwa amekwisha kuijaribu. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetoka kulala na homa.

"Zaïre haiko," alisema.

"Haiko namna gani?"

"Hakuna inchi hata moja. Kuko timu A, timu B, timu C. Njo vile tu. Na batu bao habana sura. Habana hata mikono."

"Na ile chui?"

"Chui ni ya karton. Inabakia ku karton."

Tshilombo aliegemea ukuta. Kutoka ndani walisikika watu wakiimba wimbo wa uwanjani na kupiga miguu chini.

"Ingia, ubaambie," alisema.

"Mi nina mudomo gani? Weye njo ulibaita." Séraphin alimsogelea, akashusha sauti. "Sikia, tata. Tangaza. Ile siku ya uwanja, bale ba nyuma habakuona kitu, lakini ulitangaza na baliona. Tangaza tu."

Hilo ndilo lililomshika. Kwa sababu lilikuwa kweli, au liliwahi kuwa kweli.

Televisheni iliwashwa. Kukaonekana kiwanja cha mistari mitupu, na juu yake vijipande vya kijivu, sita upande huu na sita upande ule, kila kimoja kama kipande cha sabuni kilichosimamishwa wima. Mpira ulikuwa nukta ya mraba. Uliposogea, mashine ilitoa mlio kama wa kifaranga. Ulipovuka katikati, picha yote iliruka, ikazimika kidogo, ikarudi ikionyesha nusu nyingine.

Watu waliendelea kungoja mpira uanze.

"Hii ni tangazo, ao njo mechi?" mtu wa mbele aliuliza.

"Bado," jirani yake alimwambia. "Hii ni mbele ya mechi."

Tshilombo akainua megafoni.

"Bandugu na bamama," alisema, na sauti ile ikajaa mpaka kwenye mabati. "Timu yetu iko upande wa kushoto. Wanaume wa kijani wanasimama, wanatazama bendera. Jua ni kali, uwanja umejaa mpaka milangoni. Na sasa mpira unaanza, kipa anautoa mbali, unapita juu, unashuka kwa namba sita, namba sita anautuliza kifuani..."

Huko nyuma, ambako watu waliona migongo tu, makofi yakalia. Wale wa madirishani wakaitikia. Tshilombo akasikia nguvu ikimpanda mwilini kama zamani. Akawapa wachezaji majina, akawapa jasho, akamwangusha mmoja na kumlaumu mwamuzi, na nyuma wakamzomea mwamuzi ambaye hakuwepo. Mwamba alikuwa akibonyeza vitufe kwa bidii, akijaribu kuvifanya vile vijipande vifuate maneno, jasho likimdondoka puani. Lakini mstari wa mbele ulikuwa kimya, kwa kuwa wao waliona. Mmoja akageuka akamnong'oneza aliyekuwa nyuma yake, na huyo akamnong'oneza mwingine. Tshilombo aliuona ule mnong'ono ukitembea kuelekea nyuma mstari kwa mstari, na kila ulipofika makofi yalikatika. Akapandisha sauti. Hakuwa na kitu kingine.

"Na sasa winga ya kulia," alisema, "winga ya kulia, mtoto wa Musonoi, Mulumba anauchukua mpira, Mulumba anampita mtu..."

Mama Fidélie akasimama.

Alikwenda mpaka mbele ya televisheni, akainama, uso wake karibu uguse kioo. Hakuna aliyemwambia akae.

"Ni wapi yeye?" aliuliza.

Tshilombo akanyoosha kidole. Fidélie akaweka chake palepale, juu ya kijipande kimoja cha kijivu. Kikasogea, kikapita chini ya kidole chake, kikafika ukingoni, kikatoweka. Aliendelea kushika kioo.

"Ule hana sura, tata," alisema polepole, kama mtu anayemwonya mwenziwe kwamba amekosea nyumba.

Mwamba akaweka manette chini. Vile vijipande vikasimama kila kimoja mahali pake, na mpira ukabaki katikati bila mtu.

"Acha, tata," Mwamba alisema. "Usiseme tena."

Megafoni ilikuwa bado mdomoni mwa Tshilombo na kidole chake bado kiko kwenye kitufe, na kwa muda ukumbi wote ulimsikia akihema. Kisha mtu akacheka. Baada ya kicheko zikaja kelele, na baada ya kelele benchi likapaa. Watu wa Mutshatsha walitaka kurudishiwa kiingilio walicholipa, vijana walitaka televisheni, na wengine walitaka tu kitu cha kuvunja. Mtu alipiga kelele kwamba hii ndiyo bongo, uwongo wa watu wa Kasai, na kwamba kudanganya ndiyo kazi yao. Séraphin, aliyeinunua kaseti, hakuwa wa Kasai, na wakati huo alikuwa ameshatoka kwa dirisha la nyuma. Televisheni zilivutwa nje na kupigwa mawe. Megafoni ilikanyagwa. Tshilombo alisimama ukutani, hakukimbia. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma kabisa, ambaye alipiga makofi kuliko wote, alimjia akamzaba kofi moja, kisha akamtazama kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyepigwa, akaondoka.

Séraphin hakuonekana tena Musonoi. Wengine walisema yuko Kasumbalesa, wengine walisema amevuka mpaka. Aliyebaki ni Tshilombo, na watu walihitaji mtu.

Hawakumpiga tena. Waliacha tu kumwita. Bibi mmoja alipofariki upande wa reli, jamaa zake walimtuma mtu apite na kengele, ingawa kengele haiwezi kusema nani amekufa wala mazishi ni saa ngapi. Mechi zikachezwa bila kutangazwa. Wateja wa Adolphine walimwuliza kama mikate yake ina unga ndani au ina maneno tu, wakacheka, wakanunua kwa mwingine. Adolphine alirudi nyumbani na beseni lililojaa, akaliweka mezani mbele ya mumewe bila kumlaumu. Tshilombo angependa amlaumu. Walikula mikate ile asubuhi, wakaila mchana, mpaka ikawa migumu.

Kisha Mwamba akaja. Tshilombo alimwona kwa mbali, akainuka, akavua miwani yake akaiweka dirishani.

"Kaa, tata. Sikukuya kukupiga," Mwamba alisema. Alikaa kwenye kizingiti. "Balinifuta ku kazi. Nilifika ku mlango ya Mashamba, jina yangu haiko tena. Na nyumba ni ya kampuni. Balisema tutoke."

"Nitaenda kusema nabo. Nitabaambia ni mi njo..."

"Utabaambia nini?" Mwamba aliuliza bila ukali. "Nani atakusikia?"

Tshilombo akarudi kukaa.

"Ile ya kazi, ni mi mwenyewe niliacha zamu," Mwamba aliendelea. "Ile inaniumiza ni mama. Anaangalia ukuta. Hakule muzuri. Jana aliniambia, hata ile kidogo alikuwa nayo ya kaka, ilifutika. Sasa akifunga macho haone Mulumba, na mi pia hanione. Anaona ule mutu wa televizyo."

Mwamba alipoondoka, Tshilombo alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa chini kati ya kuni, akaweka paji la uso juu ya magoti. Adolphine alimkuta hapo. Alimwita kwa jina, akamwita tena. Hakuitika. Alikuwa mtu wa maneno, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe hakuwa na hata moja la kumpa mkewe.

Alipoinuka alikuwa na wazo moja. Mahali fulani lazima pawe na picha.

Alimkumbuka Tshibangu, aliyekuwa kipa wa Musonoi siku za Mulumba, ambaye sasa alichoma makaa huko Mutshatsha. Akapanda treni. Watu wa behewa walimtambua na kumwachia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Tshibangu naye alikuwa ukumbini ile Jumapili, na alipomwona anakuja kati ya miti iliyokatwa hakumsalimu. Aliendelea kufukia tanuri lake kwa udongo, taratibu, mpaka moshi ukabaki kutoka tundu moja tu. Ndipo akapangusa mikono.

"Unatafuta nini tena kwetu?"

Tshilombo akamweleza. Hakupamba. Hata yale maneno ya mama Fidélie juu ya yule mtu wa televisheni aliyasema kama alivyoyasikia.

Tshibangu akaingia ndani ya kibanda, akatoka na fremu ya mbao.

"Njo hii. Timu yote, mbele ya kuenda Likasi. Lakini tazama mwenyewe."

Mchwa walikuwa wameingia kwa juu. Walikula anga, wakala vichwa, wakala vifua na mikono. Kilichobaki ni upande wa chini wa picha, magoti na soksi na viatu vimepangwa mstari, na mpira mbele yao.

"Mulumba ni nani?" Tshilombo aliuliza.

"Huyu." Tshibangu akaweka kidole. Kisha akakisogeza. "Ao huyu. Weye njo ulikuwa unatuangalia. Utambue."

Tshilombo akaishika fremu kwa mikono miwili. Alitazama mguu mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ametangaza mechi zote za watu hawa. Alikuwa amesema kwamba Mulumba anakimbia kama moto kwenye nyasi kavu, kwamba Mulumba anapita kati ya watu kama maji. Sasa alitafuta kichwani mwake alivyokimbia hasa, mkono wake ulikaa wapi, mguu upi aliutegemea, na hakukuwa na kitu. Kulikuwa na sauti yake tu, ikisema moto, ikisema maji.

"Sijue," alisema. "Tshibangu, mi sijue."

Tshibangu akaonyesha rundo la kuni kwa kidole. "Bas, bwaka fremu pale," alisema, si kwa chuki. "Ao iache. Mi niliizoea."

Kwenye treni ya kurudi Tshilombo alisimama penye mlango, ardhi nyekundu ikipita chini. Palikuwa na dakika alipoinama nje mno kuelekea ile ardhi, na mwanamke mmoja mwenye kuku akamshika shati bila kuuliza, akalishika mpaka kituo kilichofuata. Tshilombo alikuwa bado anauona ule mstari wa viatu. Na kwa sababu ya viatu, baada ya Mutshatsha kubaki mbali, kitu kimoja kikamjia. Kilikuwa kidogo. Hakuwahi kukitangaza, kwa kuwa hakikuwa mchezo.

Alikwenda kwa mama Fidélie akiwa na vumbi la njia. Vyombo vilikuwa vimefungwa kwenye shuka, vitanda vimeegemezwa ukutani. Fidélie alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Hakugeuka.

"Sikupata picha, mama," Tshilombo alisema. "Na mi nilikudanganya. Sikujua kama yuko mule. Nilisema tu."

Fidélie aliendelea kutazama ukuta.

"Na ingine. Nilimuona anacheza myaka mingi, na sikumbuke sura. Nilikuwa nasikiliza mudomo yangu. Kitu nakumbuka ni kimoja. Akifika ku laini ya uwanja, mbele ya kuingia, alikuwa anapangusa biatu. Mguu wa kuume, kisha wa kushoto. Ku nyasi, sawa vile mutu anaingia ku nyumba ya watu. Benzake balimucheka. Hakuacha."

Mama Fidélie akageuza kichwa.

"Ni mi nilimufundisha," alisema. "Nilikuwa nasafisha chini ya nyumba, nilimupiga sababu ya udongo ya biatu." Akafunika uso kwa viganja. "Sura yake, tata. Niambie sura."

"Sijue, mama."

Alilia, na Tshilombo alikaa karibu na mlango akamsikiliza. Hakujaribu kumnyamazisha.

Mwamba alivuka kwenda Zambia kutafuta kazi, na siku ya kuiacha nyumba Fidélie hakuwa na pa kwenda. Adolphine alikopa mkokoteni wa muuza maji, akaenda mwenyewe, akapakia vitanda na ile shuka ya vyombo, akamleta mama yule kwenye chumba cha nyuma. Hakumwuliza mumewe. Tshilombo alipata kazi ya kupakua magunia ya makaa stesheni, akarudi kila siku mweusi mpaka kope, akanawa uani.

Fidélie hakumsamehe. Alikula naye, alimsaidia Adolphine kukanda unga, lakini alikuwa akimvizia na maswali. Je, Mulumba alicheka akifunga goli? Je, alimwangalia nani akitoka uwanjani? Nywele zake alikata fupi, au aliziacha? Tshilombo alijua jibu ambalo lingemtuliza. Lilimjia tamu, tayari, na rangi zake zote, na kila mara alilimeza.

"Sijue, mama," alisema.

Mara nyingine Fidélie alikasirika, akamtupia kata ya maji, akamwuliza mtu asiye na faida kama yeye alizaliwa kufanya nini. Mara nyingine alimwomba amsimulie tena lile la viatu, naye akasimulia, maneno yaleyale, mguu wa kuume, kisha wa kushoto. Alijifunza kusimama pale lilipoishia. Mwezi ulipita na mwingine ukapita, barua ya Mwamba haikufika, na mama Fidélie akaanza kumwuliza Tshilombo pia juu ya Mwamba: yuko wapi, anakula nini, atarudi lini. Naye alimjibu neno lilelile: "Sijue, mama."